Shilingi nyeusi ya elfu tatu, duka la vitu vya kale Lamu

Jamani hawa wauza vitu vya kale wa huku Lamu wamenichosha. Juzijuzi nimeingia duka moja mjini nikaona shilingi ya Moi ya miaka ya themanini, nyeusi ti, bei elfu tatu, ati ni eraa ya kiwandani, yaani imekosewa ikitengenezwa, ndiyo wakusanyaji huilipia. Nikamwambia kwa adabu zote, ami, hii imelala kwenye matope ya mikoko. Aliyewahi kuchokora pwani ya Manda maji yakitoka anaijua ile harufu ya mayai viza, ndiyo salfa hiyo, na shilingi zile ni shaba robo tatu na nikeli robo, salfa ikikaa na shaba lazima iwe nyeusi. Akanipokonya mkononi! "We mtoto wa juzi utanifunza mimi? Wateja wangu Wazungu, wanajua." Mbele ya watu!

Sasa wacha niseme. Kiwandani kile kipande cha madini kitakachokuwa shilingi huchomwa tanuruni kilainike kabla ya kupigwa chapa, moto ukienda vibaya au mabaki ya shaba yakikiganda kinatoka cheusi ama chekundu, lakini chapa inakuja baadaye, kwa hivyo rangi inalala laini, herufi zinabaki kali, mpaka meno ya ukingoni yana rangi ileile. Yake ina vishimo kama uso wa ndui, kutu ya kijani imejaa ndani ya herufi, upande mmoja umeiva kuliko wa pili. Na mizani hana! Ana tochi ya simu tu.

Duka hili nyota moja, nilishaamua. Ila kwenye bakuli la takataka zake nikaona shilingi nyingine, nyekundu, laini, nywele za Moi zote unaziona. "Hiyo imeoza, leta mia." Nikatoa mia nikanyamaza. Nyumbani sumaku haikuishika, basi si chuma kilichopakwa rangi, na uzito sawa na nyeupe ya mwaka uleule. Yaweza kuwa eraa ya kweli, ama kuna fundi aliichovya shaba tu akicheza, siapi mpaka aikague mtu mwenye lenzi ya maana.

Kwa hivyo nyota tatu? Nne hata, maana duka lina vitu bwana. Lakini kunipokonya vile kama mwizi, la, mbili zinamtosha, na ile nyeusi yake aendelee kuipangusa.