Miksa ya kukandia: usihesabu wati, hesabu unga

Miksa yangu ya kwanza iliandikwa WATI 1,500 kwa herufi za rangi ya dhahabu, na ilidumu miezi minne. Siku ilipokufa niliweka kilo mbili za unga wa maandazi, maana bakuli lilikuwa la lita 7 na nafasi niliiona. Dakika ya tatu ndoano ya kukandia ikasimama, mota ikaendelea kulia. Fundi alipoifungua alinimwagia kiganjani chenga nyeupe kama unga wa muhogo. Yalikuwa meno ya gia. Gia yote ilikuwa ya plastiki.

“Mota yako nzima kabisa, mama,” akaniambia. “Ila haina cha kuzungusha.”

Ninayoandika hapa ni kwa anayeoka nyumbani: keki ya mwisho wa wiki, skonzi za watoto, maandazi ya asubuhi, na oda mbili tatu za majirani. Mwenye kuuza mikate mia kwa siku ana safari nyingine, nitamgusia mbele.

Tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazouza. Wati ni umeme mashine inaokula, si nguvu inayofika kwenye ndoano. Miksa ya KitchenAid ya lita 4.8 imeandikwa wati 300 tu, na inakanda unga wa mkate bila kelele nyingi, kwa sababu mota yake inasukuma gia za chuma moja kwa moja, bila mkanda. Mashine nyingine ina wati mara nne ya hizo na nusu yake inaishia kwenye joto na makelele. Wala usitishwe na bili: wati 1,000 kwa dakika kumi ni sehemu ya sita ya uniti moja. Pasi ya nguo inakula zaidi yake.

Dukani uliza mambo mawili. Gia ni za chuma au plastiki? Na inakanda unga kilo ngapi? Kilo, si lita. Lita zinapima hewa iliyomo bakulini. Muuzaji akibabaika, chukua kipimo changu: bakuli la lita 4.5 hadi 5 lipe robo tatu ya kilo ya unga mkavu kwa donge gumu kama la maandazi, na usiende mbali na hapo hata boksi likikuahidi makubwa. Kisha inyanyue. Mashine nzuri ni nzito, KitchenAid hiyo ina kama kilo 10. Ile unayoibeba kwa mkono mmoja, ikianza kukanda itatembea mezani mpaka ukingoni. Mwisho, angalia inavyozunguka: ndoano ilizunguke bakuli lote huku ikijizungusha yenyewe, kama dunia inavyolizunguka jua. Zile ambazo ni miksa ya mkono iliyochomekwa kwenye stendi, na bakuli ndilo linalozunguka polepole, ziache. Zinakanda katikati, pembeni unga unabaki mkavu.

Sasa nizipange.

Namba moja kwangu ni Kenwood Chef, na siogopi kusema hata ya mtumba. Chef ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1950, na mpaka leo zinazotoka huko zina plagi ya pini tatu bapa na umeme kama wetu, kwa hiyo huhitaji transfoma. Za miaka ya 1970 na 1980 bado zinakanda. Ugonjwa wao wa uzee unajulikana: kapasita, vile vifaa vidogo vya umeme vya ndani, huchoka, mashine ikatoa moshi na harufu ya kuungua, mwenye nayo akadhani imekufa. Fundi wa redio anayejua kazi yake anazibadilisha kwa gharama ndogo. Ukinunua ya mtumba, iwashe mbele ya muuzaji na uanzie kasi ya chini kabisa. Ikiwa haijui polepole, inaanza na kukimbia hapohapo, kidhibiti kasi kimeharibika. Shusha bei au ondoka. Shika ndoano uitikise: ikicheza sana, gia zimelika. Iache izunguke dakika tano, ndiyo, tano, muuzaji akikunja uso mwache akunje. Na hakikisha imekuja na bakuli lake mwenyewe, kwa sababu bakuli la modeli nyingine huenda lisikae.

Namba mbili itawashangaza: miksa ya mkono. Kama unaoka keki tu, huna haja ya mashine ya kusimama. Keki ya mayai sita, krimu, ute wa yai wa kupambia keki, vyote inavimudu, inakaa kwenye droo, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya zile kubwa. Tafuta yenye kasi ya kwanza iliyo taratibu kweli, la sivyo unga utakurukia usoni. Zile ndoano za msokoto zinazokuja nayo zisikushawishi. Chapati na maandazi kanda kwa mkono.

Namba tatu ni KitchenAid yenyewe. Ni nzuri, ni imara, na baadhi ya modeli zina gia moja iliyowekwa makusudi ivunjike kwanza ili mota ipone, jambo ambalo nalipenda. Haikupata namba moja kwa sababu ya bei: kwa bei ya mpya moja unapata oveni ya kutosha familia. Na ipo hatari moja. Ndugu zetu walioko Marekani wanapenda kutuma zawadi, na miksa ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya huku kwa adapta tu, unaiunguza. Adapta inabadilisha umbo la pini, haishushi umeme. Itahitaji transfoma ya kushusha, ya wati 750 au zaidi, nayo ni jiwe jingine la kuweka jikoni. Shangazi akiuliza utumiwe nini, mwambie pesa.

Namba nne ni hizi za bei nafuu zisizo na jina, lita 5 hadi 8, zilizojaa madukani. Sizikatai. Kwa keki zinafanya kazi yake, na kwa maandazi zitadumu ukizipa nusu ya zinachokiahidi na kuzipumzisha kila baada ya dakika tano. Nunua kwa mtu mwenye duka la kudumu anayetoa risiti na waranti iliyoandikwa, si ya mdomo.

Na yule wa mikate mia: nenda moja kwa moja kwenye mashine ya biashara ya kukandia, ile ambayo bakuli linazunguka pamoja na ndoano ya msokoto. Usiue miksa tatu za nyumbani kabla ya kuifikia.

Ukishaipata, jaribio la kwanza ni la sarafu. Weka sarafu safi ndani ya bakuli tupu, funga kile kipigio bapa, washa kasi ya chini. Kipigio kiisogeze sarafu kidogo tu kila kinapopita. Isipoguswa kabisa, siagi na sukari vitabaki chini bila kuchanganyika. Ikikwanguliwa mfululizo, kipigio kitalika. Mashine nyingi nzuri zina skrubu au nati ya kurekebisha kimo. Watu wanatumia miksa miaka bila kujua hilo.

Kwenye kukanda, wengi wetu wa pwani tunakosea palepale. Msuguano wa ndoano unapasha donge joto, na jikoni kwenyewe tayari ni nyuzi 30 na zaidi. Donge likipata joto linanata, nawe unadhani limezidi maji, unaongeza unga. Linanata tena, unaongeza tena. Maandazi yanatoka magumu, lawama inakwenda kwa hamira. Dawa ni maji ya friji. Kwa robo tatu ya kilo ya unga mimi natumia kama mililita 430 za maji baridi, au tui lililopoa, nikipunguza kidogo kama nina mayai. Kasi ya chini, ya kwanza au ya pili, basi. Dakika nane hadi kumi. Kwanza utaona mabonge, kisha bakuli linajisafisha lenyewe na donge linapigapiga ukuta, pa, pa, pa. Kata kipande, kivute kwa vidole taratibu mpaka kiwe utando unaopitisha mwanga. Kikichanika mapema, ongeza dakika mbili, si unga.

Keki ni kinyume chake. Kazi kubwa ni mwanzoni, siagi na sukari, kasi ya kati, dakika tano hadi saba mpaka rangi ya njano ififie iwe karibu nyeupe. Chembe za sukari ndizo zinazotoboa vijishimo vya hewa, na siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Bonyeza kwa kidole, ibonyee bila kukuachia mafuta. Mayai moja moja. Unga ukiingia, rudi kasi ya chini kabisa na uzime mara tu weupe wake unapopotea, umalizie kwa mwiko. Ukiacha mashine iendelee wakati unajibu simu, umeanza kukanda mkate, na keki itatoka na vishimo virefu na ugumu wa kutafuna.

Ute wa yai ukikataa kuumuka, bakuli lina mafuta. Lipanguse kwa limau kisha ulikaushe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zungusha swichi ya miksa irudi sifuri kabla hujatafuta tochi. Mimi sikufanya hivyo mara moja. Umeme ulirudi nikiwa sebuleni, kasi ikiwa ya mwisho, na kilo nzima ya sukari ya unga ikakaa juu ya kabati, pazia, na paka.