Uzoefu wangu na leseni ya SQL Server 2022 Standard: kulipia viini au kulipia watu?

Mfumo wetu wa hesabu na stoo hutumiwa na watu 20, na hifadhidata yake imo katika seva moja yenye prosesa 2, kila moja ikiwa na viini 8 (cores, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja). Tulipoamua kuhamia SQL Server 2022 Standard, programu ya hifadhidata ya Microsoft, muuzaji alituletea proforma iliyohesabu viini vyote 16. Leseni hizo huuzwa kwa jozi, na kwa bei ya orodha ya dola 3,945 kwa kila jozi tulitakiwa kulipa dola 31,560.

Muuzaji huyo hakutaja kwamba toleo la Standard lina njia ya pili, ambayo ni leseni moja ya seva kwa dola 989 pamoja na leseni ya kila mtumiaji, iitwayo CAL, kwa dola 230. Kwa watu 20 jumla yake ni dola 5,589, hata seva iwe na viini vingapi. Tuliichukua njia hiyo, na hifadhidata yenyewe inafanya kazi vizuri kabisa.

Je, kuhesabu viini ni haki? Mwaka 2004, prosesa za viini viwili zikiwa karibu kuingia sokoni, Microsoft ilitangaza kwamba ingehesabu prosesa tu, na utaratibu huo ulidumu hadi SQL Server 2012 ilipoanza kuhesabu viini. Hoja ya mabadiliko hayo naielewa, kwa kuwa prosesa ya viini 16 hufanya kazi nyingi kuliko ya viini 2. Lakini kiini chenye kasi na kiini cha polepole hulipiwa sawa, na kiini kinacholala mwezi mzima kikisubiri siku ya kufunga hesabu hulipiwa kama kile kisichopumzika. Kampuni ya Oracle, ambayo nayo huuza programu ya hifadhidata, angalau ina jedwali linalotazama aina ya prosesa, ambapo kiini cha prosesa nyingi za Intel na AMD huhesabiwa nusu. Kwa SQL Server, hata prosesa yenye viini 2 hulipiwa kana kwamba ina viini 4.

Anayefikiria CAL apige hesabu kwanza. Kwa seva yenye prosesa moja ya viini 4, gharama za njia hizi mbili hukaribiana sana watumiaji wakifika 30: dola 7,889 kwa CAL na dola 7,890 kwa viini. Vilevile, kumpitisha mtu kwenye tovuti hakumwondoi katika hesabu, kwa sababu kila anayefikia data huhitaji CAL yake. Toleo la Enterprise, lililo juu ya Standard, halina njia ya CAL.

Sisi tunakusudia kuwafungulia wateja salio lao mtandaoni, na kwa kuwa kila mteja angehitaji CAL yake, hapo hatutakuwa na budi kulipia viini. Kwa hiyo seva ijayo tumeiagiza na prosesa moja ya viini 8 vyenye kasi, ambayo leseni yake kwa bei hiyohiyo itakuwa dola 15,780.