Mawe ya Mazeras uani kwangu, baada ya masika mawili

Kila mgeni akija kwetu Mtwapa huangalia chini kwanza, kisha huuliza mawe haya tuliyotandika uani tulinunua wapi na kwa bei gani. Acha niandike mara moja.

Mahali penyewe ni nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 4, chini ya mti wa mkungu. Ndipo tunapokaa jioni. Zamani palikuwa mchanga mtupu, mvua ikinyesha ni matope hadi sebuleni. Mume wangu alitaka kabro, yale matofali ya simiti ya kutandika chini. Sina ugomvi na kabro pale gari linapoingia, lakini mimi nilitaka jiwe lililotoka ardhini, kila moja na umbo lake.

Tukaenda Mazeras na mama mkwe, kwenye barabara ya Nairobi kabla hujafika Mariakani. Mawe yamesimamishwa kando ya njia kama vitabu. Tulikuta aina mbili: Mazeras lenyewe, ambalo ni jiwe la mchanga, rangi ya maziwa kuelekea manjano, na Galana, jeusijeusi na la kahawia. Yakiwa makavu yote yanakuvutia. Nilikuwa nishaanza kulikazia macho Galana mama alipoomba ndoo ya maji. Akayamwagia yote mawili, akavua viatu, akapanda. Magoti yake hayataki mchezo. Kwenye Galana lile alishuka pale pale: "Hili, mwanangu, litanizika." Kwenye Mazeras, lenye uso wa chengachenga, alitembea, akageuka, akarudi. Muuzaji alicheka, lakini mimi niliona jambo jingine. Mazeras liliyanywa yale maji na kugeuka rangi ya asali, na kwenye Galana maji yalikaa juu. Jiwe linalokunywa maji litakunywa na mafuta. Kwa hiyo tukachukua Mazeras kwa sehemu yote ya kukalia, na vipande vichache vya Galana, vile vyenye uso wa kukwaruza, pale tunapoweka jiko la kukaangia viazi karai. Sijajuta.

Nililipa shilingi 1,200 kwa mita ya mraba, nikachukua mita 27 badala ya 24, maana kuna ya kukatwa na ya kuvunjika. Kenta, lori la kuyabeba, ni juu yako. Jambo ambalo sikuliangalia ni unene. Yalipofika nyumbani niliyakuta mengine sentimita 2, mengine karibu 5, na fundi kila jiwe alilazimika kulichimbia au kulijazia. Siku mbili zikawa tano. Ukienda, simama pale wakipakia, uchague yanayolingana, hata wakinung'unika.

Sasa fundi. Mteremko aliupatia: sentimita moja na nusu kila mita, kuelekea bustanini, na hadi leo maji hayajawahi kugeukia mlango. Lakini badala ya kulilaza jiwe zima juu ya simiti, yeye aliweka bonge moja kila pembe na moja katikati, akabana, akaendelea. Kwa macho huwezi kujua. Masika ya kwanza maji yakaingia chini, mchanga ukahama, na mawe manne yakaanza kucheza. Nilipopita nikigonga kwa mpini wa nyundo, mawe kumi na moja yalilia kama debe tupu. Yote yaling'olewa na kulazwa upya na fundi mwingine, kwa pesa yangu. Gonga kabla hujamlipa mtu.

Na usikubali asidi! Yule wa kwanza alitaka kusafisha simiti iliyodondoka, akaimwaga bila kuniuliza. Mazeras lina chuma ndani yake, na asidi ilikitoa juu. Karibu na bomba nina madoa ya kutu ambayo hayajatoka kwa sabuni wala kwa dua. Brashi ngumu, maji, na kuipangusa simiti ikiwa bado mbichi vingetosha kabisa.

Vanishi ya kung'arisha niliikataa. Inapendeza kwenye picha, lakini inaziba ule uso wa chengachenga tuliouchagua kwa ajili ya mtu mzima. Nilipaka dawa ya kuzuia maji isiyong'aa, baada ya mawe kukauka vizuri, na narudia kila kiangazi. Kuvu ya kijani huota bado upande usiopata jua. Nasugua kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, nusu saa hivi.

Kilichobaki ni mkungu. Majani yake mekundu yakilowa juu ya jiwe usiku kucha huacha alama kama ya chai iliyomwagika. Mume wangu anasema tuukate. Mama, ambaye kiti chake kiko chini yake hasa, amesema mti usiguswe, na ufagio anashika yeye.