Darasa la sandwichi za wazi pale Shangani: mkate ulilowa na bado nikaonekana mjinga mimi

Nikikumbuka mpaka leo moyo unaenda mbio. Kuna darasa la mapishi la siku moja hapa Mtwara, linafanyika kwenye nyumba moja Shangani, jina silitaji, wanafundisha sandwichi za wazi, zile za kipande kimoja cha mkate chini na mboga mbichi zimepangwa juu, hazifunikwi. Nililipa elfu thelathini. Mimi nauza chai na vitafunwa, mwaka wa tisa huu, na siku hizi wateja wangu wengine wa asubuhi hawataki tena mandazi, mmoja presha, mwingine sukari, kwahiyo sikwenda kule kupoteza muda, nilikwenda kutafuta kitu cha kuweka mezani.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Mwalimu ni binti mdogo tu, asubuhi kanipa shikamoo vizuri nikaitikia marahaba, akatuelezea kwamba Denmark hizi sandwichi wanaziita smørrebrød, wanatumia mkate mweusi mzito wa rai, nafaka inayofanana na ngano, wanakula kwa kisu na uma, na baridi yao ikiisha mboga changa zikianza kutoka ndo wanapanga juu figili, asparaga na viazi vichanga. Sisi tukapewa slesi laini za dukani, tango, nyanya, figili na karoti. Sawa, hakuna shida.

Sasa akachukua slesi kavu akaanza kupanga tango juu yake, hajapaka chochote. Nikanyoosha mkono, nikamwambia samahani mwalimu, tango na nyanya zinatoa maji, hatupaki kitu kwanza? Akaniangalia kuanzia ndala mpaka mtandio, mbele ya watu wote wale, akasema "Mama, hii siyo kachumbari, na haya siyo mambo ya mandazi, we fuata tu." Watu wakacheka. Mimi nina umri wa mama yake yule. Na mandazi anayoyasema yamesomesha watoto watatu, sasa yamemkosea nini?

Tukafuata. Tukamaliza tukaambiwa msile kwanza tunapiga picha, picha zikachukua muda huo, akaja mmoja akageuza sahani, akaja mwingine na simu yake, jua linaingia dirishani. Nilipokuja kunyanyua ya kwangu kidole kikatokea upande wa pili. Tango lote kwenye gauni, mkate umekuwa uji, chumvi tuliyonyunyiza juu ndo ilizidi kuyavuta yale maji. Nikamwonyesha. Eti "mmechelewa kula". Tumechelewa! Nani alitushikilia?

Kilichoniuma zaidi nilikijua nyumbani. Mtoto wa dada yangu aliitafuta ile smørrebrød kwenye simu akanisomea, kumbe ni smør na brød, yani siagi na mkate. Jina lenyewe linaanza na siagi jamani! Siagi ni mafuta, inakaa katikati inazuia maji ya mboga yasishuke kwenye mkate. Nilikaa kitandani nikasema hivi mimi nimechekwa kwa lipi pale, nimechekwa kwa kusema kweli.

Kesho yake nikajaribu mwenyewe. Slesi mbili nikazibabua kidogo kwenye kikaango kikavu, moja nikapaka siagi mpaka kwenye kingo, nyingine nikaacha. Tango nikalikata, nikalitia chumvi, nikaliacha kama dakika kumi, likatoa maji yake, nikalikausha kwa kitambaa safi ndo nikapanga. Nikachemsha chai, nikanywa, nikarudi. Ya siagi imesimama imara, ile nyingine imeshaanza kulegea katikati. Basi nikaendelea, nikaloweka korosho zilizovunjika, zile za bei nafuu, kwenye maji ya moto, nikasaga na ndimu, kitunguu saumu na chumvi mpaka zikawa nzito, nikapaka juu ya siagi. Na kwa vile msimu wa mbaazi mbichi umeingia, nikachemsha zile za kijani, nikazipondaponda kidogo tu, nikaweka juu na figili. Huo utamu siwezi kuueleza. Mteja wangu mmoja kala mbili kasimama, kaagiza na ya kupeleka ofisini.

Hapo ndo nachanganyikiwa maana haki lazima isemwe: ile figili naikata vile nilivyomwona yeye anakata, nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili, na kupanga mboga zipandane kidogo kama vigae nimejifunza kwake. Mkono anao yule binti. Kwahiyo elfu thelathini yangu naweza kusema haikupotea yote. Nilitaka kuandika msiende, nikafuta, nikaandika nendeni lakini bebeni siagi yenu. Halafu nikikumbuka kile kicheko nafuta tena. Mtu amekulipa, amekuuliza swali la maana kwa heshima, unamjibu vile? Angesema tu sijui ningemheshimu.

Mdogo wangu wa Mikindani anataka kwenda darasa lijalo, juzi kaniuliza nikamwambia nenda, utajifunza kukata. Jana usiku nimempigia nikamwambia asiende. Hajanijibu ameamua nini.