Balbu ya LED ya skrubu E10 kwenye taa ya zamani ya betri mbili: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Balbu hii ya LED, yenye kitako cha skrubu cha upana wa milimita 10 (ndiyo maana ya E10), nimeifunga kwenye taa ya mbele ya baiskeli ya zamani, ile ya bati inayobeba betri mbili kubwa za D. Balbu yake ya awali ilikuwa ya volti 2.5 na ampea 0.3, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. LED hula kidogo na kumulika zaidi. Ila taa ikiwa na kutu ndani, hata LED itapepesa tu.

Kwa hiyo usianze na balbu, anza na migusano, yaani vyuma vinavyogusana na betri na balbu. Ukoko mweupe wa betri za alkalini unatoka kwa siki kidogo kwenye pamba. Futa tena kwa maji, kausha. Betri za kawaida za zinki na kaboni huvuja tindikali, na hapo siki haifai: tumia magadi soda yaliyoyeyushwa kwenye maji. Malizia na msasa laini, namba 400 hivi, mpaka shaba ing'ae.

Msumbufu kuliko wote ni ribiti inayoshika bamba la swichi. Juu safi, chini kutu. Ipime ukiwa bado na balbu ya zamani, taa ikiwaka: ncha moja ya multimita (kipima umeme), ikiwa kwenye volti, upande mmoja wa ribiti, ya pili upande wa pili. Balbu ya zamani inavuta umeme mwingi, kwa hiyo kasoro inajionyesha. Omu 1 tu ya ukinzani inameza volti 0.3. Ukiona hivyo, usihangaike kuigonga ribiti. Lehemu kipande cha waya kinachoiruka.

LED inachagua chanya na hasi, balbu ya zamani haikujali. Isipowaka, geuza betri zote mbili, si moja. Kama mguso umezama, kitako bapa cha betri hakitaufikia; uinue kwa tone la lehemu.

Nunua yenye saketi ya kupandisha volti. LED nyeupe inataka karibu volti 3, na betri mbili zilizotumika kidogo tayari ziko chini ya hapo. Mbili za kuchaji huwa na karibu 2.4 tu. Bila saketi hiyo mwanga hufifia mapema, betri zikiwa bado na nguvu.

Nyota iliyokatwa ni ya chipu, kile kidoa kinachotoa mwanga. Inatazama mbele, kwa hiyo kiakisi, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, hakipati kazi na mwanga unatawanyika badala ya kufika mbali. Zipo zenye chipu ubavuni, kwenye kimo kilekile cha uzi wa balbu ya zamani, na kwa taa yenye kiakisi kirefu ningechukua hizo. Kiakisi chenyewe usikisugue: rangi ya fedha ni utando mwembamba sana, hubanduka hata kwa kitambaa kikavu.