Mtungi wa kilo 15, wa kilo 6 na kopo la butani: uzoefu wangu jikoni, safarini na wakati wa dharura

Nyumbani kwetu Tabata gesi inapikia watu watano, na kwa miaka mitatu sasa nimetumia vyombo vitatu: mtungi wa kilo 15 unaokaa jikoni, mtungi wa kilo 6 nilioununua kwa ajili ya akiba, na makopo ya butani ya gramu 220 yanayotumika kwenye majiko madogo ya safari. Nilianza nikiamini kwamba gesi ni gesi, na kwamba tofauti iko kwenye ukubwa wa chombo tu. Imani hiyo imenipotezea fedha, na asubuhi moja mlimani ilininyima hata chai.

Mtungi mkubwa ndio ninaousifu kuliko vyote. Gesi ya majumbani ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa mpaka ukawa kimiminika, na kwa joto la Dar es Salaam zote mbili huvukiza bila shida, kwa hiyo moto hubaki wa buluu na wenye nguvu karibu mpaka tone la mwisho. Kwetu unadumu siku 45 hadi 50, na tangu tulipoanza kuloweka maharage usiku kucha kabla ya kuyachemsha tumepata siku chache za ziada.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue ni uzito. Shingoni mwa mtungi huandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukijumlisha na kilo za gesi unapata kile ambacho mizani inapaswa kuonyesha. Wangu uliandikwa kilo 15.2, hivyo ukiwa umejaa ulipaswa kufika kilo 30.2. Mwaka jana niliupima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza mizigo, nikapata kilo 28.6, na lakiri ya plastiki ilikuwa bado nzima juu ya valvu. Nilirudi nao kwa bajaji. Wakala akaniambia, "Umejaa huo dada, lakiri si unaiona?" Nilimwomba tuupime wote wawili kwa mizani yake, na baada ya kuuona upungufu alinibadilishia bila maneno mengi. Kilo moja na gramu mia sita ni chakula cha siku tano katika nyumba yangu, na ninasikitika nikifikiria ni mara ngapi nililipia hewa kabla ya kununua mizani. Siku hizi sitoi fedha kabla mtungi haujapimwa mbele ya macho yangu.

Mtungi wa kilo 6 niliununua nikauweka, na kosa langu likawa hilohilo la kuuweka tu. Usiku mmoja wa masika, maji yakiwa yamejaa mtaani na hakuna bodaboda iliyokubali kuja, mtungi mkubwa uliisha wali ukiwa haujaiva. Nilivuta ule mdogo kwa furaha, nikagundua kwamba regulata ya mtungi mkubwa, yaani kile kifaa kinachounganisha mpira wa jiko na mtungi na kupunguza nguvu ya gesi, haikai kwenye valvu ya mtungi mdogo. Tulikuwa na gesi kamili ndani ya nyumba, watoto wakalala wamekula mkate. Kesho yake nilinunua kichwa cha jiko kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo, na tangu hapo akiba yetu ni akiba ya kweli. Kasoro yake ni kwamba sufuria hukaa juu sana: kusonga ugali wa watu watano juu yake kunahitaji mtu wa pili wa kushika, na watoto wasikaribie kabisa.

Kuhusu kuhifadhi, gesi yenyewe haiharibiki kwa kukaa. Kinachozeeka ni mpira na regulata, na huku kwetu chuma pia, kwa sababu hewa ya chumvi na sakafu yenye unyevu huanza kula kitako cha mtungi. Wangu wa akiba umesimama wima kibarazani juu ya vipande viwili vya mbao, mahali penye kivuli. Siuweki uvunguni wala stoo, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa chini na kujikusanya pembeni ikisubiri cheche. Kila ninapobadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye maungio. Nikiona kapovu kanakua, nafunga valvu papo hapo.

Makopo ya butani yana sifa moja, nayo ni wepesi. Nilikwenda nayo Kilimanjaro, nikiwa nimeyanunua Moshi kwa sababu hayaruhusiwi kwenye ndege. Pale kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, alfajiri yenye ukungu wa barafu juu ya majani, jiko langu lilitoa kimwali kidogo cha manjano kisha kikazima. Butani huacha kuvukiza joto linapokaribia nyuzi 0, ilhali propani huvukiza hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndiyo maana mtungi wa mpishi wa msafara, wenye mchanganyiko, ulikuwa ukinguruma hatua chache kutoka niliposimama. Nilikumbatia kopo ndani ya koti kwa robo saa ndipo likawaka.

Kwa matumizi ya nyumbani siyapendekezi hata kidogo. Kopo moja linaniwakia kama saa moja na nusu kwa moto mkubwa, na ili ufikie gesi ya mtungi wa kilo 15 unahitaji makopo 68, ambayo bei yake kwa kilo ni kubwa mno. Na ninawasihi wanaojaza kopo tupu kutoka kwenye mtungi waache: katika joto la nyuzi 30 shinikizo la propani ni karibu mara nne ya lile la butani, na bati la kopo halikutengenezwa kulihimili.

Nimebakiwa na kopo moja, nimempa mdogo wangu anayekwenda Lushoto mwezi wa Agosti. Baridi ya kule kwa kawaida haigandishi maji, kwa hiyo litamfaa, mradi alihifadhi ndani ya begi la kulalia usiku na kuliwasha nje ya hema.