Misumari ya kudondoshea maji: koki nzuri, boksi lenye maneno mengi

Ni misumari ya plastiki, sita kwenye pakiti. Unaufunga mmoja kwenye mdomo wa chupa ya maji, unaipindua chupa, unauchomeka kwenye udongo. Pembeni kuna koki ndogo ya kupunguzia matone. Boksi linaahidi kwamba chupa moja ya lita 1.5 itanywesha mmea siku 14. Nami nilikuwa nasafiri siku 14 kamili, basi sikuuliza mara mbili.

Aliyeuliza ni binti yangu. "Baba, kwani mrehani wako unakunywa kiasi gani kwa siku?" Kikombe kimoja, nikamwambia, mililita 250. Ukikosa hicho siku ya jua kali, jioni majani yote yamelala. Akachukua kalamu, akaandika kwenye boksi: 250 × 14. Mara ya kwanza akapata 2,500, alizidisha kwa 10 akaisahau ile 4. Akaongeza 1,000. Lita tatu na nusu! "Haitoshi," akasema, akarudi kwenye katuni zake.

Ukigawa lita 1.5 kwa siku 14 unapata kama mililita 107 kwa siku, hata nusu kikombe haifiki. Labda waliopiga hesabu hiyo hawajawahi kuwa na mrehani kwenye chungu.

Koki yenyewe lakini ni kazi nzuri. Nilikaa nayo na bomba la sindano lisilo na sindano: matone 20 yalitoa mililita 1. Tone moja kila sekunde ukilitazama unaona ni polepole mno, kumbe kwa saa ni matone 3,600, sawa na mililita 180, na chupa nzima imekwisha kabla hujamaliza saa tisa. Mimi nilitaka matone 5,000 kwa siku, yaani tone moja kila sekunde 17 hivi. Nikazungusha, nikahesabu, nikarudisha kidogo, na ikatulia hapohapo. Kwa plastiki nyepesi namna ile, sikutegemea.

Asubuhi matone yamekoma na chupa imebonyea. Hewa haikuwa na pa kuingilia! Maelekezo hayasemi popote kwamba utoboe tundu kwenye kitako cha chupa. Nikatoboa kwa sindano ya moto, maji yakatoka tena. Jambo lingine, maji yakipungua chupani na matone yanalegea. Siku ya tatu nilihesabu hadi 25 kati ya tone na tone. Kwa hiyo mwanzoni fungua kidogo zaidi ya hesabu yako.

Nilijaribu pia chupa tatu kwenye chungu kimoja ili nisimsumbue mtu. Kila moja ilipaswa kutoa tone kila sekunde 52, na kwa kiasi hicho koki huziba kabisa. Nikamwomba jirani. Chupa moja ni siku sita, akaja kujaza mara mbili tu, na mrehani niliukuta mzima, umetoa na maua kwa sababu hakuna aliyeukata vichwa.

Misumari miwili kati ya sita inavuja kwenye nyuzi za kufungia. Nyota 3, na zote nawapa kwa ajili ya koki.